Dira na Safari ya Kupeleka Ini

Kwa miaka kumi na tisa Dira alikuwa amekalia kiti kilekile katika ofisi ya tiketi za ndege, chumba kimoja cha chini kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la viatu. Ndani mlikuwa na meza mbili, mashine ya kuchapia iliyokuwa ikikwama kila karatasi ya tatu, na ramani ya dunia ukutani ambayo bahari zake zilikuwa zimepauka kwa jua la dirishani. Jina la Dira alipewa na wateja. Ungemtajia viwanja viwili vya ndege, hata vile ambavyo havijawahi kupelekeana ndege tangu vijengwe, naye bila kugusa kompyuta angekuambia kilomita ngapi, saa ngapi angani, na saa ngapi utakaa kwenye benchi ukisubiri ndege ya kuunganisha.

Jambo moja tu lilikuwa la aibu kwake, na mtaa mzima ulilijua: Dira mwenyewe hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Mara mbili shirika lilitoa tiketi ya bure kwa ofisi, na mara zote mbili alimsukumia mwenzake wa meza ya pili, dada mmoja aliyechapa kwa kasi mpaka akaitwa Chapchap.

"Wewe ni sawa na muuza majeneza," Chapchap alikuwa akimtania. "Vipimo vyote unavijua, ila hujawahi kulala ndani."

Dira alicheka, lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Mdogo wake wa pekee, ambaye nyumbani walimwita Kinda kwa kuwa alizaliwa mdogo mno, alikuwa mbali sana akifanya kazi ya kulea wazee wasiojiweza. Mwaka uliopita Kinda alimtumia barua ya mwaliko, Dira akapata viza, akaipiga chapa ya "kesho". Kesho ikawa mwezi ujao, mwezi ujao ukawa baada ya mvua. Sasa viza ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa akimweleza mzee mmoja na mkewe kwamba ndege huenda mbio lakini benchi haliendi mbio, ndiyo maana safari ya saa tisa huchukua saa kumi na sita. Simu ikalia. Namba ilikuwa ya Kinda, sauti haikuwa ya Kinda.

"Kaka, mimi ndiye ninayekaa naye chumba kimoja. Samahani kaka, kaa chini kama umesimama."

"Nimekaa. Sema."

Kinda alikuwa na jino. Jino tu. Siku kumi lilimsumbua, naye hakutaka kuomba ruhusa kazini, akawa anameza dawa za maumivu mchana na usiku, mbili juu ya mbili, kila lilipomchoma. Jumapili alianza kutapika. Jana macho yaligeuka manjano. Leo alikuwa akimwita mwenzake kwa jina la mama yake, na ini lake lilikuwa limegoma kabisa kufanya kazi.

Daktari alichukua simu, na yule mwenzake akawa anatafsiri. Jina la Kinda lilikuwa limewekwa juu kabisa katika orodha ya wanaosubiri ini la mtu aliyefariki. Lingeweza kupatikana leo, lingeweza kupatikana baada ya wiki. Wiki Kinda hakuwa nayo. Alikuwa na saa arobaini na nane, pengine pungufu. Lakini ndugu wa damu, mzima, mwenye kundi la damu linalokubali, angeweza kukatwa kipande cha ini lake kikapandikizwa kwa mgonjwa, na vipande vyote viwili vingekua tena.

"Kundi langu ni O," Dira alisema. "Nimewahi kutoa damu. Ni O."

"Daktari anauliza unaweza kufika lini."

Swali hilo alikuwa ameulizwa na maelfu ya watu. Aliitazama ramani. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita elfu kumi na moja na mia mbili. Ndege ikiondoka hapa ikaenda moja kwa moja ingetumia saa kumi na tatu na nusu. Ndege hiyo haikuwepo. Hakuna shirika lililowahi kuona faida ya kuunganisha mji huu na ule. Iliyokuwepo ilikuwa ya saa nane mchana, saa tano na dakika ishirini mpaka uwanja wa kwanza, benchi saa mbili na dakika kumi, kisha saa kumi na moja angani, benchi tena saa tatu, kisha saa nne. Ongeza teksi huku, ongeza foleni ya uhamiaji kule.

"Saa thelathini na moja," alisema. "Kutoka dakika hii."

Alipoweka simu chini, mzee na mkewe walikuwa wamekwisha kusimama na kujiondokea taratibu. Chapchap alikuwa ameanza kumtafutia tiketi. Alikuwa anachapa, na machozi yalimdondokea kwenye kibodi.

Mkewe Dira alimletea pasipoti na begi dogo, akambadilisha shati na kumfunga vifungo kama mtoto. "Nenda, baba watoto," alisema. "Huku niachie mimi."

Kwa mama yake alipiga simu akiwa ndani ya teksi. Alikusudia kumdanganya kidogo, akashindwa. Aliposema neno "kukatwa" alisikia upande wa pili kitu kikianguka sakafuni.

"Mama?"

"Nipo. Ninao wawili tu, mwanangu. Wewe na yeye. Na wewe ukifia mezani, nani atakuja kuniambia?"

"Sitakufa, mama."

"Usiniahidi usichokijua. Nenda. Nenda kabla sijasema jambo lingine."

Saa nane kasoro Dira alikuwa amefungwa mkanda kiti cha ishirini na mbili, ameshika sehemu za kuegemeza mikono kana kwamba yeye ndiye anayeishikilia ndege isidondoke. Saa nane ikapita. Saa nane na robo ikapita. Rubani akatangaza kwamba kuna abiria aliyepakia mzigo lakini hakupanda, kwa hiyo lazima mzigo wake utafutwe na kushushwa. Abiria wengine walinung'unika. Yeye alikuwa anapiga hesabu. Tumbo la ndege ile lina makontena manane. Wakianza na la mbele ni dakika arobaini. Wakianza na la nyuma ni saa nzima. Kuunganisha kulikuwa na nafasi ya saa mbili na dakika kumi tu, na lango hufungwa dakika ishirini kabla. Kila lori la mizigo lililopita chini ya dirisha alilifuata kwa macho kama mtu anayefuata kisu.

Mzigo ulishushwa, wakapoteza zamu yao ya kuruka, wakaruka saa kumi na dakika tano. Wakati magurudumu yanaachana na ardhi, jambo aliloliogopa maisha yake yote, Dira hakusikia hofu yoyote. Nafasi ya kuogopa haikubaki.

Uwanja wa kwanza ulikuwa mahali pasipo na usiku wala mchana, taa nyeupe na sakafu inayong'aa. Alikimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia, alikuwa na miaka arobaini na sita na kitambi cha mezani. Alipitia maduka ya manukato, akapanda ngazi ya umeme ambayo ilikuwa inashuka, akarudi, akapanda nyingine. Alipofika kwenye lango palikuwa na mnyororo, na nyuma ya kioo ndege yenyewe, kubwa, imewashwa taa, daraja la kupandia likivutwa pembeni polepole. Aliweza kumwona abiria mmoja dirishani akivua miwani. Alipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Mlinzi akaja akamshika bega, bila ukali, akamwelekeza kwenye dawati la abiria waliochelewa.

Mhudumu wa dawati alikuwa mwanamume mwembamba mwenye tai iliyokazwa sana. Alisoma skrini. "Pole sana. Ndege nyingine ni kesho saa hizi hizi. Tutakupa hoteli na chakula."

"Kesho hapana."

"Ni moja tu kwa siku, bwana."

Simu ikaita kwenye mtandao wa uwanja. Chapchap. Hakuwa ametoka ofisini tangu asubuhi.

"Nimeona umekwama. Sikiliza," alisema. "Kuna ndege inaondoka hapo ulipo baada ya dakika arobaini hivi, lakini inarudi nyuma. Saa tatu na dakika kumi kurudi upande wa tulikotoka, halafu kutoka huko kuna..."

"Kuna ya moja kwa moja," Dira alimalizia. "Saa kumi na nne na dakika arobaini." Aliiona ramani yake mwenyewe, bahari zilizopauka na mstari mrefu unaopita chini. "Inafika mjini kwa Kinda kabisa."

"Viti vimebaki vinne. Lakini ni shirika lingine. Hao wa hapo ndio lazima wakubali kukuhamishia."

Dira alimgeukia mwenye tai akamweleza. Yule bwana akatazama, akakunja uso. "Lakini huko unarudi nyuma. Safari yako inakuwa karibu kilomita elfu kumi na nane."

"Najua. Ni mbali zaidi, ila nafika mapema zaidi."

"Siruhusiwi kukuhamishia shirika lile. Ni utaratibu wa kampuni, bwana, si wangu mimi."

Dira alisimama kama aliyepigwa kofi. Maneno hayo alikuwa anayajua mpaka pumzi yake. Alikuwa ameyasema kwa mjane aliyetaka kuwahi mazishi, kwa bwana harusi, kwa mwanafunzi aliyelia hadi kamasi. Aliyasema kwa upole, mikono juu ya meza, na jioni akaenda nyumbani akala.

"Mimi nafanya kazi kama yako," alisema, na sauti ikaanza kumsaliti. "Miaka kumi na tisa. Nimewaambia watu hivyo hivyo, si wangu mimi. Ninajua kuna kitufe cha dharura ya kitabibu. Ninajua kinahitaji namba ya mkubwa wako. Ninajua ukikibonyeza kesho utaandika maelezo, na huyo mkubwa atakununia wiki nzima. Mdogo wangu anakufa. Ini lake liko hapa." Akajipiga ubavuni, upande wa kulia. "Hilo analolisubiri liko hapa mbele yako, limesimama, linakuomba."

Mwenye tai alimtazama ubavu, kisha uso. Akainua simu ya mezani, akazungumza kwa lugha ambayo Dira hakuielewa, akasikiliza, akazungumza tena kwa sauti ya juu, akaikata kabla wa upande wa pili hajamaliza. Akabonyeza. Mashine ikatoa karatasi mbili.

"Geti la mwisho kabisa," alisema. "Zimebaki dakika kumi na tatu lifungwe. Kimbia, bwana, usinishukuru."

Uwanja wa pili ulimpatia ujumbe mmoja kutoka kwa yule mwenzake na Kinda: "Amelitaja jina lako leo mchana. Sasa hasemi. Njoo kaka." Akaandika atakavyochelewa, saa nne hadi tano. Jibu halikuja. Ndege ikaita abiria wake.

Saa kumi na nne na dakika arobaini ni muda mrefu hata kwa mtu mwenye furaha. Mbele ya kila kiti palikuwa na skrini ndogo inayoonyesha kindege kikitambaa juu ya maji, na chini yake maneno mawili: umbali uliobaki, muda uliobaki. Dira hakutazama kitu kingine. Chakula kilipoletwa alikikataa, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba mtu wa kupasuliwa hapaswi kula, akataka wakimshusha waweze kumlaza moja kwa moja. Alikunywa maji tu. Kilomita elfu tisa. Elfu saba na mia mbili. Halafu akaona jambo lililomtoa roho: kilomita zilikuwa zinapungua, lakini muda haupungui. Saa nane na dakika kumi na mbili. Baada ya nusu saa nzima, saa nane na dakika tano.

Akabonyeza kengele. Mhudumu wa ndege, mama wa makamo mwenye viatu bapa, akaja.

"Mbona haiendi?"

"Inaenda. Ni upepo, unatupinga kwa mbele. Tutachelewa dakika thelathini, thelathini na tano hivi."

"Rubani hawezi kuongeza mwendo?"

Swali la kijinga, na Dira alijua kuliko wote ndani ya ndege ile kwamba ni la kijinga. Mhudumu hakucheka. Alichuchumaa kando yake akamuuliza anaenda kwa nani. Baada ya kusikia, alimhamishia kiti cha mbele kabisa karibu na mlango, akamfunika blanketi, akamwambia walau alambe sukari.

Alipokuwa pale mbele, gizani, injini zikiunguruma, ndipo lilipomjia ombi ambalo hajapata kumwambia mkewe hadi leo. Alimwomba Mungu ini lingine. Alisema: kama mimi sitawahi, basi lipatikane jingine kwa namna yoyote. Akafahamu alichokuwa anaomba. Ini halianguki kutoka mbinguni. Lazima pawe na mtu, leo, mahali fulani katika mji ule, aliyeamka mzima na asirudi kwake. Alitaka kulirudisha ombi mdomoni, na hakulirudisha. Alilirudia. Alilirudia mpaka ndege ikaanza kushuka.

Uhamiaji kulikuwa na watu kama mia tatu. Mhudumu wa viatu bapa alikuwa amepiga simu kabla, na ofisa mmoja alimtoa Dira kwenye foleni akampeleka dirishani, lakini maswali yalikuwa palepale.

"Umekuja kwa shughuli gani?"

"Hospitali."

"Umebeba kitu chochote cha kutangaza?"

"Ini," alisema Dira. Usingizi, njaa na hofu vilikuwa vimemkoroga akili.

Ofisa akainua macho. Akaitazama viza, iliyobakiza siku kumi na saba. Akagonga muhuri.

Aliingia hospitali saa thelathini na tano na nusu tangu ile simu ya ofisini. Mwenzake na Kinda, dada mnene mwenye sare ya kazini chini ya koti, alikuwa amesimama mlangoni akimtafuta. Dira alivua shati akiwa bado anatembea.

"Wanikate wapi? Niko tayari. Sijala."

"Kaka, subiri."

"Sijala tangu jana, waambie..."

"Kaka!" Akamshika mikono yote miwili. "Yuko ndani tayari. Yuko chumba cha upasuaji tangu saa tatu zilizopita. Limepatikana ini."

Dira hakuelewa. Aliambiwa mara mbili. Asubuhi ile hali ya Kinda ilikuwa imefikia ukingoni, ubongo ulianza kuvimba, na daktari akasema asingeweza kungoja tena hata saa mbili. Kama ini la mtu aliyefariki lisingepatikana, Dira angekuta kitanda kimetandikwa. Dira akakaa sakafuni, kifua wazi, shati mkononi. Hakulia kwa furaha. Alikuwa amekimbia na ubavu wake nusu ya dunia, na sasa hakuna aliyeuhitaji.

Walimpeleka chumba cha ndugu wa wagonjwa, viti vya plastiki na mashine ya maji. Pembeni alikaa mwanamke wa umri wa mkewe, ameshika mapajani kofia ngumu ya kuendeshea pikipiki. Upande mmoja wa kofia ulikuwa umekwaruzwa mpaka rangi imetoka. Hakuwa analia. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo ule, kwenda na kurudi.

Hospitali hawasemi ini limetoka kwa nani, na Dira hakujua kama mwanamke yule alikuwa anangoja mgonjwa au alikuwa hana tena wa kumngoja. Hakuwa na lugha ya kumuuliza, na angekuwa nayo asingethubutu. Alimletea maji kwenye kikombe cha karatasi. Mwanamke akayapokea, akainamisha kichwa. Wakakaa hivyo muda mrefu, viti viwili katikati yao, mpaka mtu akaja kumchukua. Aliondoka na kofia yake. Kikombe alikiacha kimejaa.

Kinda alifumbua macho siku ya tatu. Alikuwa amekonda, midomo imebabuka, mirija kila mahali. Alimtazama kaka yake.

"Umekujaje wewe?" alinong'ona. "Mwoga kama wewe."

"Kwa kuzunguka," Dira alisema, akageukia ukuta ili asimwone usoni.

Madaktari walisema atapona, ingawa atameza dawa maisha yake yote na hatanyanyua mzee yeyote kitandani kwa mwaka mzima. Dira alikaa naye mpaka viza ikabakiza siku moja. Lakini siku ile ya tatu alitoka kwanza kwenye ushoroba akampigia mama yake kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Amefungua macho, mama. Ameongea. Amenitukana."

Upande wa pili mama alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ya kwanza. Kilipopungua akauliza, "Na wewe? Kidonda chako kikoje? Wamekukata wapi?"

"Hawakunikata. Nilichelewa."

"Hawakukukata?" Alifikiri. "Basi ini limetoka wapi?"

"Kwa mtu, mama."

Dira alimsikia mama yake akivuta kiti akikaa.

"Huyo mtu," mama aliuliza polepole, "ana mama yake?"

"Sijui, mama," Dira alisema. "Hawasemi."

Mama yake, simu ikiwa bado sikioni, akaanza kumwombea huyo mama mwingine.